Kababu Zangu za Nyama

Cheka ukitaka, mimi nimeshalia. Mama mkwe alikuja kutoka Masukulu na kapu la magimbi madogo. "Mama Neema, haya ni ya mbegu. Yapande nyuma ya nyumba." Nikaitikia, "Ndiyo, mama," nikalisukuma kapu chini ya meza.

Jumapili akina mama wa jumuiya walikuwa wanasali kwangu, na mama mkwe naye alialikwa. Nyama sikuwa nayo, na kuwaandalia magimbi watu wanaoyala kila siku niliona aibu. Kwenye simu nikamwona Mhindi akipika kababu za magimbi. Nikayachemsha yale ya mbegu harakaharaka, nikayaponda na tangawizi na giligilani, nikakaanga.

"Karibuni kababu za nyama!" nikatangaza, kichwa juu.

Walisifia. Kisha mmoja akakohoa, mwingine akashika koo. Rungwe nzima inajua gimbi lisiloiva linawasha, ila mpumbavu mimi nikasema, "Itakuwa pilipili."

Mama mkwe akairudisha kababu yake kwenye sahani, taratibu.

"Mama Neema," akauliza mbele ya wote, "mbegu zangu umezipanda wapi?"