Mwenye Baa Asiyesifu Chake

Malachy Gilhooly alizaliwa katika chumba cha juu ya baa, na kama si ule mdomo wake angefia juu ya baa hiyohiyo. Nasema kwa hasira na wala siombi radhi. Nimekuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, tangu nilipoolewa na Gaffney muuza nyama, na tangu Gaffney afariki jioni zangu nyingi nimezimalizia pale, kwenye benchi la karibu na moto. Kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa.

Baa yenyewe ilikuwa pembeni mwa daraja hapa Ballyroddy. Mbele palikuwa na duka zamani, na droo alizowekea babu yake chai, misumari na mbegu za kabichi zilikuwa bado ukutani. Nyuma ndipo palipokuwa na kaunta, ubao mmoja mrefu wa mwaloni, umebonyea mahali ambapo wanaume waliokwisha kuzikwa waliegemeza viwiko. Kando yake kulikuwa na kijichumba chenye kidirisha, ambamo bibi zetu walipitishiwa bilauri zao bila padri kuwaona. Moto ulikuwa wa mboji iliyokatwa kinamasini na kukaushwa iwe kuni, na harufu yake ilikuwa haikutoki kwenye koti hadi Pasaka. Bia nyeusi Malachy aliimimina nusu na zaidi, akaiacha itulie huku akizungumzia mvua, kisha ndipo akaijaza. Aliyemharakisha alionyeshwa kituo cha basi.

Sasa, kwetu mtu hasifu chake. Ukimwambia mama keki yake ni tamu, atakwambia imeungua chini. Ukisifu ndama wa mtu, atakuonyesha mguu wenye kasoro. Na mwenye baa ukimuuliza ni ipi baa bora mjini, adabu inamtaka akutajie ya mwenzake, na huyo mwenzake akurudishe kwa wa kwanza. Sote tunaelewa. Unasikiliza, unaitikia kwa kichwa, unavuta kiti unakaa palepale. Lakini Malachy aliinywa adabu hii mpaka tone la mwisho. Baba yake alimlea kwa imani kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi yeye akahakikisha hasifiwi na mtu, wala hajisifu.

Mambo hayangeharibika kama wateja wake wasingekuwa wazee, na wazee hufa. Kila majira ya baridi benchi lilizidi kupwaya. Binti yake Gráinne alipiga simu kutoka Vancouver akamwambia, baba, funga upumzike. Siku moja Malachy akaniambia juu ya ukuta wa uani, huku akitazama ndoo yake, "Attracta, msimu wa wageni ujao ukipita mkavu kama huu, nafunga." Nilijua hatanii, maana hakunitazama.

Ndipo nikasikia kwamba Sorcha Tuohy anakuja mjini kwetu. Huyu ni mwanamke wa Dublin aandikaye kitabu cha kuwaelekeza wasafiri baa bora za kizamani, na mji akiutaja, mabasi hujaa. Nikaenda mbio kumpasha Malachy habari, aproni yangu kiunoni.

"Atampenda Spelman," akasema.

"Spelman? Ile baa yake ina umri mdogo kuliko koti langu."

"Ana supu nzuri."

"Hebu nisikilize wewe mtu. Akiingia, mpe bia, halafu funga domo. Usimwambie paa linavuja. Usimwambie choo kiko uani. Usimwambie lolote."

"Nitanyamaza."

"Apa."

"Attracta, nimeshasema nitanyamaza. Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto ningemwamini."

Spelman nimweleze kwa ufupi, maana hastahili maneno mengi. Alikaa Boston miaka, akarudi na fedha, akanunua gereji ya matairi, akaijaza majembe ya zamani na vyombo vya kusukia siagi alivyoletewa na lori. Darini alining'iniza gurudumu la mkokoteni. Mtu angedhani babu zetu walikuwa wakipita angani.

Sorcha aliingia kwa Malachy Alhamisi mchana, mvua ikimchuruzika. Tulikuwa wawili tu kwenye benchi, mimi na Colm Feeney, mzee wa fidla. Alisimama kidogo akatazama droo, akachungulia kijichumba, kisha akaweka kiganja juu ya kaunta akakiacha hapo. Niliuona uso wake ukilainika, nikasema moyoni, tumepona.

Malachy akamimina, akaiacha itulie, akajaza. Dada wa watu akaonja.

"Mzee, bia hii ni nzuri sana."

"Ah, ni pipa jipya tu."

Nikakohoa. Hakunitazama.

"Na hii kaunta? Sijaona kama hii."

"Imeliwa na wadudu hiyo."

Haikuwa na mdudu hata mmoja. Mwaloni ule ungevunja shoka.

"Muziki mnapiga?"

"Huyu mzee hapa hukwaruzakwaruza Jumapili."

Colm, ambaye watu walikuwa wakivuka kaunti tatu kuja kumsikiliza, akakubali kwa kichwa. "Nakwaruza," akasema.

Nikaona nikiendelea kukaa kimya nitapasuka. "Dada, usiwasikilize hawa," nikamwambia. "Baa hii ndiyo bora mjini hapa na miji yote ya jirani. Kaunta hiyo iliwekwa na babu yake. Kaa hapa hadi Jumapili uje usikie fidla inavyolia, halafu ndipo uandike."

Malachy akawa mwekundu hadi masikioni. "Msamehe huyo, dada. Ni jirani yangu. Paa likivuja kwangu linavuja na kwake, ndiyo maana ananipigia debe."

Yaani paa. Nilimwambia asilitaje, akalitaja.

Sorcha akacheka, akamgeukia Colm. "Na wewe, mzee, unasemaje?"

Colm akawaza. Alijua kilichokuwa hatarini, nami nilimkanyaga mguu ili ajue zaidi. Akashusha bilauri, akajifuta midomo, akasema kwa moyo wake wote, "Si mbaya."

Kwetu hakuna sifa inayozidi hiyo. Colm mwenyewe, siku ya kumzika mkewe, alisema hakuwa mbaya, na kanisa zima likalia. Lakini Sorcha alikulia mahali ambapo neno huchukuliwa jinsi lilivyo. Akainua bilauri akaimaliza.

"Basi kama nina jioni moja tu, niende wapi?"

Malachy akaweka kitambaa chini, akazunguka kaunta, akamtoa hadi mlangoni, akanyoosha mkono. "Kwa Spelman. Pita kanisa, upande wa kushoto. Ana supu, na choo kiko ndani."

Nilibaki na tumaini moja, kwamba Spelman atamrudisha, kama adabu inavyotaka. Nikatoka na mwavuli nikajifanya naenda dukani. Nikamwona Spelman akifungua mlango kwa mikono miwili. "Karibu dada," akasema. "Umefika. Usisumbuke kutafuta nyingine." Baadaye nikasikia alimwambia gurudumu lile lilikuwa la babu yake. Babu yake alikuwa fundi baiskeli.

Nikarudi nikamkuta Malachy akiosha ile bilauri moja.

"Umejikata shingo mwenyewe," nikamwambia.

"Kizuri chajiuza, Attracta."

"Na kibaya kimejitembeza, kimempata mteja. Wewe umekaa na kizuri chako."

Aliendelea kuifuta bilauri ambayo ilikuwa imekauka zamani.

Kitabu kilitoka majira ya kuchipua. Spelman wa kwanza, hoteli ya pili, na baa ya mama Mulvey kule stesheni ikawa ya tatu. Baa ya Malachy haikutajwa jina. Ila chini ya maelezo ya kwa Spelman paliandikwa kwamba anayepotea amuulize mzee mpole wa baa ndogo karibu na daraja, naye atamwelekeza.

Na walipotea kweli. Msimu mzima walikuwa wakifungua mlango, upepo unaingia nao, wanamuuliza. Naye anamwacha aliyekuwa akimhudumia, anatoka hadi barabarani na aproni yake, ananyoosha mkono uleule. Nilikuwa nikiona uchungu mpaka meno yaniume.

"Wauzie hata maji," nikamwambia.

"Wana haraka."

"Kwani wenye haraka hawana kiu?"

"Wanatafuta kwa Spelman, Attracta. Nitawazuiaje?"

Mwezi wa tisa akafunga. Hakutaka hotuba. Alikaa kwenye benchi, upande wa wateja, mara ya kwanza tangu nimjue, akanywa moja, akazima moto. Wiki iliyofuata Spelman akaja na lori na wanaume wanne kuing'oa kaunta aipeleke kwake. Malachy aliwashikia mlango, akawaonyesha mahali pa kushika isije ikawaumiza migongo, na akamwambia Spelman kwamba anajibebea mzigo usio na faida. Mimi nilikuwa dirishani kwangu, na niliyoyasema si ya kuandikwa.

Kiangazi hiki nilimburuta Malachy hadi kule, Jumapili, kwa sababu Colm sasa anapiga fidla kwa Spelman, chini ya gurudumu. Hakutaka. Tulipoikaribia kaunta, kiwiko chake kikaingia pale palipobonyea bila yeye kutazama. Bia ilimiminwa mara moja tu, mpaka juu. Akaipokea akashukuru.

Pembeni yetu alikuwepo kijana msafiri, mkoba mgongoni, akiupapasa ule ubao kwa viganja viwili.

"Mzee, kaunta gani hii. Unajua ilitoka wapi?"

Nikauma ulimi. Nilitaka aseme mwenyewe, mara moja tu maishani mwake.

Malachy akautazama ubao. "Ilitoka kwenye baa moja ya zamani," akasema. "Kule darajani."

"Baa yenyewe ilikuwaje?"

Palikuwa na tone la bia juu ya mwaloni. Malachy akalifuta kwa mkono wa koti lake, taratibu, kufuata mistari ya mti, kama alivyokuwa akiufuta ubao kila jioni.

"Haikuwa mbaya," akasema.

Colm akashusha fidla. Kijana akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaenda kupiga picha gurudumu.