Mto wa Viraka

Jirani wa mlango wa pili hasalimu kwa mkono. Anashika pindo la nguo yako, analisugua kwa kidole gumba, halafu anasema, "Ukiichoka hii, usiitupe." Kwake hakuna cha dukani: mapazia ni mashuka ya watu, zulia ni soksi kuukuu zilizosukwa. Mimi namtilia shaka, maana kamba yangu ya kuanikia inapita dirishani kwake. Jana kanikaribisha kwenye mto mpya, na katikati ya viraka nikaliona shati la buluu la mume wangu, lile lililopotea, nililomshonea mwenyewe kwa mkono.

"Hili umelitoa wapi?"

Hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Shemeji kaleta mwenyewe, dada. Kanibembeleza nilikate upesi, usije ukaliona ukamvalisha tena."