Seli za Kitunguu Zilizoukimbiza Mji

Nilipoanza kufundisha biolojia katika shule moja ya mtaa wa Mudzipela, vita vya wafugaji na wakulima vilikuwa vimekwisha kwa namna vitu vinavyokwisha kwetu Bunia: kila mtu alisema vimekwisha, lakini mabegi yalibaki yamefungwa nyuma ya mlango. Watu walirudi kwenye nyumba zao, wakapanda maharagwe, wakaoana. Ila mlango wa chuma ukifungwa kwa kishindo, mazungumzo yalikatika kidogo, halafu yakaendelea kana kwamba hakuna aliyesikia kitu.

Darasa langu lilikuwa na mabati, madawati na ubao. Kwenye ubao huo nilichora seli kila mwaka, au selile, kama tulivyoiita kwa Kifaransa chetu cha shule. Ilikuwa duara, ndani yake duara dogo, na nukta kadhaa pembeni. Wanafunzi waliinakili vizuri sana. Wengine walitumia kifuniko cha chupa ili duara litoke sawa. Walijua utando, walijua kiini, na kwenye mtihani walipata. Mimi nikaridhika.

Aliyeniharibia raha hiyo ni msichana mmoja wa dawati la mbele, binti wa familia ya wafugaji, mrefu, mwenye tabia ya kuinua mkono wakati ameshaanza kusema.

"Madame, ile selile, weye mwenyewe ulisha kuiona?"

"Iko kidogo sana," nikamjibu. "Haionekanake na macho."

"Ndiyo, Madame. Lakini ulisha kuiona?"

Wenzake walianza kutabasamu. Sikuwa nimeiona. Kule niliposomea ualimu kulikuwa na hadubini ndani ya kabati la vioo, na kila siku tuliipita tukiitazama. Ila siku ya kukimbia vita kila mtu alikimbia na chake, na mtunza maabara alikimbia na ufunguo. Hakuna aliyethubutu kuvunja kioo.

"Bado," nikasema.

"Sasa nani aliiona?"

"Wazungu," mtu akajibu kutoka nyuma, na kicheko kikawa kikubwa hata prefe, mkuu wetu wa shule, akachungulia dirishani.

Nyumbani nilimwomba mama kitunguu kimoja cha kufundishia. Mama alikuja Bunia kutoka Butembo na biashara yake ya vitunguu, na alikuwa na meza kwenye soko dogo la kando ya barabara. Aliniangalia kwa huruma.

"Kitunguu cha kufanya nini?"

"Kuangalia ngozi yake ya ndani, mama. Ile nyembamba."

"Miaka yote ile ya masomo," akasema, "sasa unafika ku ganda ya kitunguu. Mie nazitupaka kila siku. Ungeniuliza, ningekuambia hata mbele ya kulipa shule."

Hadubini niliipata mtaa wa Lumumba, upande wa pili wa mji, kwenye kituo cha afya, kwa mpimaji mmoja wa maabara ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta malaria ndani ya damu za watu. Alikuwa kijana mtanashati, koti lake jeupe limepigwa pasi hata kwenye mikunjo ambayo koti halina. Hadubini yake ilikuwa ya zamani, ya kioo cha kudaka mwanga wa jua, na aliifunika kwa kitambaa alichoshonesha makusudi, chenye maua. Nilipomwomba aniazime, alisimama mbele yake kama baba aliyeletewa posa na mlevi.

"Hii haitokake hapa," akasema. "Mukuje weye na wanafunzi. Mukuje asubuhi, jua ikiwa bado upande wa dirisha. Kisha jua inapanda juu ya mabati, na mie sina namna. Na vumbi mubakishe inje."

Kazi ikabaki kwa prefe. Prefe wetu alikuwa mfupi, mwenye suti ya kahawia na mwavuli usiotoka mkononi, na alikuwa na hofu za haki. Wakati ule hatukuwa na desturi ya kuvuka mji kundi zima. Mtu alikwenda upande wa pili akiwa na shughuli yake, akaimaliza, akarudi. Nilimweleza kuhusu seli. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama hazichoreki ubaoni. Nikasema nimezichora miaka yote. Akafikiri, kisha akasema atakubali kwa sharti moja: atatuongoza mwenyewe.

Asubuhi ya safari alitupanga uwanjani wawili wawili, sare zimefuliwa, viatu vimepanguswa, akatoa hotuba. Ilikuwa hotuba ndefu. Alisema juu ya sayansi, akasema juu ya heshima ya shule, halafu akafika kwenye jambo lenyewe.

"Mutu asikimbie. Munasikia? Mu Bunia hatukimbiake bila sababu. Hata sababu ikiwako, siye hatukimbie. Tunatembea."

Alipomaliza kutukataza kukimbia, jua lilikuwa limepanda vya kutosha, na juu ya milima mawingu yalikuwa yamejikusanya. Nilimwonyesha. Tukaanza kutembea. Prefe mbele na mwavuli wake, mimi nyuma kabisa, katikati mistari miwili mizuri ya bluu na nyeupe. Kila alipotazama mbinguni, hatua zake zilirefuka. Tulipofika barabara kubwa alikuwa anatembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kivuli cha kwanza cha wingu kilipotupita, alisahau hotuba yote.

"Jua inakwenda!" akapiga kelele, na akakimbia.

Alikimbia, suti na mwavuli na vyote. Wanafunzi wafanye nini? Wakamfuata, na mimi nikawafuata wao, nikiita "polepole, polepole" kwa sauti iliyozidi kutisha.

Sijui kama mtu ambaye hakuishi Bunia miaka ile anaweza kuelewa watu barabarani waliona nini. Waliona prefe mzima akikimbia, na watoto wote wa shule nyuma yake, na mwalimu anayelia. Hawakungoja maelezo. Mlango wa duka la kwanza ukafungwa, ukafuata wa pili, kisha milango yote ya mtaa ikagonga mmoja baada ya mwingine hadi mbali. Pikipiki ziligeuka palepale zilipokuwa. Mama mmoja alinyakua watoto waliokuwa mlangoni, na baadaye nilisikia kwamba mmoja hakuwa wake. "Kuko nini? Kuko nini?" watu waliulizana, na jibu lilikuwa lile lile: "Sijue, kimbia!"

Tulipita kwenye soko dogo. Nilimwona mama yangu akikunja vitunguu ndani ya kitenge, akikitupia kichwani. Yeye naye akaniona. Kwake huo ukawa uthibitisho: ikiwa hata binti yake msomi anakimbia, basi mambo yameharibika. Akajiunga. Mama yangu, ambaye kwa ubovu wa magoti yake alikuwa akitutuma hata maji ya kunywa, alinipita.

Kwenye kituo cha afya wagonjwa waliokuwa foleni walikuwa wamesimama, na mmoja tayari alikuwa dirishani, mguu mmoja nje. Mpimaji alijaza mlango wa maabara yake, mikono ameitandaza.

"Kuko nini?"

Prefe alishika tumbo, akatafuta pumzi. "Selile," akasema. "Tumekuja juu ya selile."

"Na watu hawa wote?"

Tukageuka. Nyuma yetu kulikuwa na nusu ya soko.

Polisi mmoja alifika naye anahema, kofia mkononi, akauliza ni nani aliyeanza kukimbia. Wanafunzi walimtazama prefe tu, wote, kwa adabu kubwa. Prefe alirekebisha tai.

"Ni jua ndiyo ilianza, chef," akasema.

Ilichukua muda watu kuamini. Mwanzoni walikasirika, na walikuwa na haki. Baadaye mtu mmoja akacheka, mwingine akamfuata, kicheko kile chembamba kinachotoka wakati moyo bado unadunda. Mama hakucheka. Aliketi kwenye ngazi, kitenge kimefunguka, vitunguu vikibiringika uani, akanigeukia.

"Kwa ile ganda?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ile ninatupaka?"

Na kwa kuwa katika mbio zile kitunguu changu nilikipoteza, ilibidi nimwombe kingine.

Wingu lilipita, jua likarudi dirishani. Mpimaji alitupangusa vumbi kwa macho, akaturuhusu kuingia wachache wachache. Alivunja kitunguu, akabandua ile ngozi nyembamba kwa koleo, akaitandaza juu ya kioo, akaitia tone la ayodini ile ile ya vidonda. Akageuza kioo cha chini kutafuta mwanga. Kisha akasimama kando, akaniambia, "Madame, weye mbele."

Niliinama. Kwanza niliona giza, kisha weupe, kisha, alipozungusha skrubu, vikatokea vyumba vidogo, seli zenyewe. Havikuwa duara. Vilikuwa virefu, vimepangwa ubavu kwa ubavu, rangi ya chai nyepesi, na ndani ya kila kimoja nukta moja iliyokolea, imekaa pembeni kama mtu kwenye chumba chake. Vilikuwa vingi mno, na vilikuwa vimetulia. Nilikuwa nimevichora miaka yote ile na sikuwahi kudhani kwamba ni vizuri. Macho yangu yalilowa, nikasingizia ayodini.

Prefe alifuata. Alivua miwani, akakunja uso, akakaa pale kwa muda mrefu kama mtu anayesoma hukumu.

"Ninaiona," akatangaza. "Kiini. Iko nyeusi, ndefu, imepinda. Na inatikisika!"

Mpimaji alikohoa. "Bwana prefe, ile ni kope yako."

Hata yule mgonjwa wa dirishani alicheka. Mama alipofika zamu yake aliangalia bila kukunja uso, akanyanyuka, akasema, "Ni ukuta. Wamejenga na matofali." Kisha akaongeza, akimtazama mpimaji, "Na wamejenga vizuri kuliko nyumba yetu." Mpaka leo sijasikia maelezo bora ya ngozi ya kitunguu.

Msichana wa dawati la mbele hakutosheka na kitunguu. Alitaka ya mtu. Mpimaji akampa kijiti kisafi, akamwonyesha namna ya kukwaruza ndani ya shavu. Prefe, akitafuta pa kuponyea heshima yake, akadai na yeye akwaruzwe. Vikawekwa vioo viwili kando kwa kando. Katika msukumano wa wanafunzi vikahama mahali, na prefe alipotaka kuvitazama hakuna aliyejua kipi ni cha nani.

"Hii ni ya mie," prefe akasema, jicho kwenye lenzi, safari hii bila kope. "Ninaitambua."

"Namna gani, bwana prefe?" msichana akauliza.

"Iko na umri."

Mpimaji alitikisa kichwa. "Hapa kwangu damu inafikaka kutoka pande zote za mji," akasema, akifuta kioo. "Hata za ng'ambo kule, hata za vijiji. Nikisahau kuandika jina, mie mwenyewe siwezi kujua ni ya nani. Na mie ndiyo fundi."

Alilisema kama jambo la kazi tu, lakini wanafunzi waliacha kusukumana. Walikuwamo watoto ambao mwaka uliotangulia hawakukubali kukaa dawati moja.

"Hata hivyo," prefe akasema, "hii ni ya mie."

Mvua ilinyesha mara moja, ikaacha. Tulirudi tukitembea. Prefe safari hii alikaa nyuma kabisa, mwenyewe amechagua, na mimi nikatangulia. Mama alibaki Lumumba, kwa sababu wagonjwa na wauguzi walikuwa wameanza kununua vitunguu, na hakuwa mtu wa kuacha wateja.

Milango ya maduka ilikuwa imefunguliwa. Mwenye duka moja, mzee mwenye kandambili na kufuli bado mkononi, alitoka hadi katikati ya barabara, akatuzuia.

"Muliona nini kule mpaka mutukimbize hivi?"

Nilikuwa na ombi la radhi tayari mdomoni. Lakini msichana yule alikuwa ameshaanza kusema. Aliondoka kwenye mstari, akachutama, na kwa kidole akachora kwenye udongo uliolowa vyumba virefu ubavu kwa ubavu, na nukta ndani ya kila kimoja. Alimweleza mzee kwamba kitunguu ndivyo kilivyo ndani, na yeye mzee pia, ila vyake havina pembe. Mzee aliinama. Mwendesha pikipiki akazima injini, akainama naye.

"Mu mwili yangu?" mzee akauliza.

"Ndiyo, muzee."

"Na weye uliiona na macho?"

"Niliiona na macho."

Mzee akamwomba amchoree tena, kubwa zaidi, mbele ya mlango wake, mahali pikipiki hazipiti. Prefe aliangalia saa yake, akaniangalia mimi. Nikamwambia tungoje kidogo, na tukangoja, wawili wawili, pembezoni mwa barabara.