Maji ya Kuivisha Maharage

Bomba limefika ndani kwangu, jamani! Nimezeeka nalisubiri. Siku fundi alipolifungua nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, maji yakanirukia mpaka kwenye kilemba. Nikaoga, nikaoga tena, halafu baada ya siku chache nikabandika maharage.

Yakachemka asubuhi, yakachemka mchana, jua likaanza kushuka, ukilibonyeza moja ni kokoto. Birika nalo limeshaota ukoko mweupe kama chokaa, na sabuni unasugua weee, povu hulioni. Mkwe wangu akasema, "Mama, tia magadi. Mtaa mzima tunatia." Magadi! Nilicheka mpaka nikakaa chini, maana neno hilo lilinirudisha bondeni, hapa hapa nyuma ya hizi nyumba, wakati pembezoni mwa Kibondo palikuwa mashamba matupu.

Bondeni palikuwa na chemchemi, mwenzangu. Alfajiri tunashuka na vibuyu, umande unalowesha magoti, vyura wananyamaza wakisikia miguu yetu. Maji baridi, yanauma meno. Ukinawa, povu mpaka kiwiko. Ukipika maharage, hujamaliza kuchambua mboga yameshapasuka. Mimi shule niliishia darasa la pili, basi nilichosoma sawasawa ni maji.

Ikaja pampu ya mkono, huko juu karibu na kanisa. Tulicheza ngoma! Hata mimi niliipenda, nilikuwa naning'inia kwenye mpini wake mpaka nafukuzwa. Mwalimu wetu, mtu wa pwani, aliyelalamika siku zote kwamba maji yetu hayana ladha, alikunywa ya pampu akafumba macho. "Haya sasa ndiyo maji! Yana chumvichumvi kama ya kwetu." Bibi yangu, maji ya chemchemi aliyaita amazi, kwa Kiha chetu. Ya pampu aliyaita maji ya serikali.

Shida ni kwamba shamba lenye chemchemi lilikuwa la jirani yetu, mama mmoja mcheshi ambaye bibi alimwita wifi kwa utani. Pampu ilipokuja tu, wifi akataka kuifukia chemchemi apande migomba.

"Wifi, maji yamekuja mlangoni, wewe bado unakwenda kuinama bondeni kama chura?"

"Umewahi kumwona chura kwenye pampu?" bibi akamjibu. "Anajua maji kukuzidi."

Watu wakacheka, lakini usiku ule bibi hakula. Wakakubaliana hivi: Jumapili baada ya ibada, vyungu viwili, maharage ya gunia moja, kuni za mti mmoja. Kimoja maji ya chemchemi, kingine ya pampu. Mwalimu ataonja. Cha pampu kikiiva sawa na cha bibi, chemchemi inafukiwa. Wifi ndiye aliyemchagua mwalimu, si unaona ujanja? Shabiki wa pampu!

Siku hiyo watu walijaa uani kama harusini. Moshi, watoto, mbwa, mimi nimeshika sketi ya bibi. Vyungu vikachemka. Cha bibi kikaanza kunukia. Punde na cha wifi kikanukia! Bibi akafunua mfuniko wa cha wifi, akachota, akabonyeza. Laini. Bibi akarudisha mfuniko polepole. Nikaanza kulia, nikijua migomba imeshinda.

Mwalimu akaonja cha bibi, akatikisa kichwa. Akaonja cha wifi. Akaonja tena. Akacheka polepole.

"Mama, haya yana magadi."

"Magadi gani, mwalimu?"

"Nimelelewa nayo. Mama yangu hapiki maharage bila magadi. Tena haya umeyazidisha, mchuzi umekuwa sabuni!"

Wifi akajishika kiuno, na donge la magadi likaanguka kutoka kwenye fundo la kanga, puu, mbele ya watu wote. Kelele zilizopigwa hapo! Wifi mwenyewe alicheka mpaka akapangusa machozi. "Haya, wifi," akasema, "baki na vyura wako." Migomba akaipanda juu ya bonde, na kesho yake alfajiri tukamkuta chemchemini, kibuyu mkononi, hasalimii mtu.

Wote wameondoka sasa, bibi, wifi, hata mwalimu. Shamba likakatwa viwanja. Pale chemchemini imesimama nyumba nzuri ya vigae, geti la bluu.

Jana mawingu yakafunga, mvua ikamwagika. Nikatoka mbio na beseni, ndoo, masufuria, kila chenye tundu juu, mkwe wangu anapiga kelele dirishani, "Mama, utaumwa! Si una bomba ndani?"

"Hilo la kuoshea miguu!" nikamjibu.

Maji ya mvua yakayapasua maharage yale kabla giza halijaingia. Nilikula mpaka nikalamba mwiko. Karibu yafanane na ya bibi. Karibu tu.

Mwenye geti la bluu, kila tukikutana dukani, analalamika. Eti sakafu yake haikauki, mafundi wameibomoa na kuijenga, unyevu unarudi pale pale, na usiku vyura wanamlilia chini ya dirisha. Nampa pole, mwenzangu. Halafu narudi nyumbani natembea haraka, kicheko kisije kikamwagika, kama mtoto aliyebeba kibuyu kilichojaa.