Ekseli Iliyokwenda Upande

Tangu mkewe afariki, fundi alifanya kazi peke yake katika gereji iliyo nyuma ya nyumba yake. Siku nyingine jua lilizama hajafungua kinywa ila kuitukana nati iliyoshika kutu.

Asubuhi moja akaja mama mmoja, mpima ardhi, na gari lake la porini lililoinuliwa kwa springi ndefu.

"Tangu waliinue linatembea kama kaa," akalalamika. "Usukani umenyooka, mkia unakwenda kando."

Fundi akalala chini ya gari. Akaning'iniza timazi, uzi wenye uzito nchani, kwenye chasisi, kulia na kushoto, akapima hadi kwenye tairi. Gurudumu la kushoto lilikuwa limetokeza nje kwa upana wa kidole gumba.

"Springi hazina kosa," akasema. "Ni hii fimbo ya chuma inayozuia ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma, isiyumbe. Gari limepanda, yenyewe imebaki fupi, basi inavuta ekseli upande wake."

Akaifungua, akaweka nyingine inayorefuka ukiizungusha. Kila akizungusha kidogo, ilibidi apime tena. Zamani mkewe ndiye aliyeshika ncha ya futi ya kupimia upande wa pili, akimtania kwamba macho yake ni pambo la uso tu. Siku hizi aliibana kwa koleo, nayo ilichomoka kila mara.

Mama akachuchumaa. "Lete nishike, fundi. Kupima si ndiyo kazi yangu?"

Akawa anamsomea namba kwa sauti, hadi pande zote mbili zikalingana.

Wakatoka kulijaribu, mama akiendesha. Gari likaenda sawasawa, mkia nyuma ya kichwa.

"Zunguka tena," fundi akasema. "Ngoja nilisikilize vizuri."

Hapakuwa na cha kusikiliza. Wakazunguka. Walipoikaribia kona ya gereji, mama alimtupia jicho, akaipita bila kuambiwa, akaanza kumsimulia jinsi anavyolala porini wiki nzima, peke yake hemani, akiongea na chupa ya chai. Fundi akacheka hadi akakohoa.

Mama alipomshusha, fundi alishika mlango kidogo kabla ya kuufunga. "Likikusumbua, lirudishe."

"Halitanisumbua. Umelinyoosha."

"Hata lisipokusumbua."

Mama akaahidi, akaondoka. Wiki zikapita, kisha miezi. Kila injini kubwa ilipounguruma barabarani, fundi alitoa kichwa chini ya gari alilokuwa akilitengeneza, akasikiliza hadi ipite, kisha akarudi chini.