Kisiwa Yetu Nyuma ya Kampi

Yaya Ngoy, mukubwa wangu, aliingia mu beseni ya mama ya kufulia, akapiga maji na mikono, akaniacha peke yangu pa kisiwa. Nililia mpaka sauti ikaisha.

Juzi, miaka mingi kisha ile siku, kwa kinyozi niliona picha ya kalenda: Bazungu banakula pa kisiwa. Nikacheka. Yetu ilikuwa kichuguu nyuma ya kampi, mvua imejaza maji pande zote. Inswa, bale badudu ba mabawa ba kukula, zilikuwa zinatoka mu matundu, udongo mubichi unanukia. Tulijaza sahani ya mama.

"Hapa ni restora," Yaya alisema. "Kazi yako, kuangalia mamba."

Leo najua maji ile ilifika mu magoti tu. Ndipo Yaya akaenda na sahani mu ile beseni, akakula yote, akamwambia mama ni mimi. Mama alinipiga, na tumbo yangu tupu.

Ngoy, uko na bajukuu sasa. Jibu mbele yao: nani alikula?