Dirisha Lililovuka Barabara

Jamani, mmewahi kuibiwa dirisha? Mimi niliibiwa.

Si kioo, kioo kilikuwepo. Kilichoibwa ni kila kitu nilichopanga nyuma yake.

Nina duka dogo la zawadi, mtaa ule wa maduka ya kishua. Mishumaa, vikombe vya udongo, mitandio. Kila Jumapili alasiri mimi na wifi yangu tunabadilisha dirisha. Yeye ndiye mwenye jicho, anapanga. Mimi napiga picha, naweka status kuwatamanisha wateja (mmoja, "Mama Mishumaa", hakosi kunitumia vikopa vyekundu vya upendo), tunashusha pazia mpaka Jumatatu saa tatu.

Jumatatu moja nikatupa jicho ng'ambo, kwenye duka jipya.

Mtungi kama wetu. Mtandio wa njano shingoni mwa mtungi, fundo kushoto. Vikombe vitatu, kimoja kimelazwa.

"Wifi, njoo uone maajabu!"

Aliona, akarudi ndani kukunja mitandio. Kule kurudi ndani ndiko kulikonitia wasiwasi.

Wiki ya pili, hivyo hivyo. Mteja akaniuliza, "Dada, siku hizi unaiga ya jirani?"

Mimi! Niige!

Sikukalika tena. Nakaa, nasimama, nafuta kikombe nilichokwisha kukifuta, nachungulia nje. Alhamisi nikamwona wifi anatoka ng'ambo, mwenye duka kamsindikiza mpaka mlangoni.

Sikumpa hata nafasi ya kukaa.

"Kumbe ni wewe unayewapelekea!"

"Wifi, nilienda ku..."

"Usiniambie kitu! Miaka minne tunakula sahani moja, leo unaniuza?"

Nilimpa vidonge vyake mbele ya wateja wawili. Akaweka ufunguo kaunta, akachukua mkoba wake.

"Sawa, wifi." Basi, akaondoka.

Nyumbani mume wangu, kaka yake, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia asiniletee mambo ya kutetea damu yake.

Jumapili nikapanga dirisha peke yangu. Nikajisemea, haya, sasa tuone. Picha, status, pazia chini.

Jumatatu saa mbili nafika. Ng'ambo, dirisha langu. Lote!

Nilivuka barabara bila kuangalia magari.

"Nani anakuletea siri zangu?"

Mwenye duka, mama mtu mzima, alinitazama kwa huruma. Akatoa simu yake.

Ilikuwa status yangu. Chini yake vikopa vyekundu alivyonitumia mwenyewe. Ndiye yule "Mama Mishumaa" ninayemshukuru kila wiki kwa kunipenda!

"Unatangaza mwenyewe, mwanangu. Wewe unafungua saa tatu, mimi saa moja. Na wifi yako alikuja kunisihi niache. Karibu alie."

Nilinywea. Aibu ile siwezi kuieleza. Nikampigia wifi palepale, machozi yananitoka.

"Nisamehe, wifi yangu. Rudi dukani."

"Nimekusamehe. Ila nimeshapata kazi, naanza kesho."

"Wapi?"

Nikageuka. Yule mama alikuwa anapangusa kaunta isiyo na vumbi, hataki kunitazama.

"Alinipigia aliposikia umenifukuza," wifi akasema taratibu.

Siku hizi mimi ndiye ninayevuka barabara kila Jumatatu kuchungulia dirisha la watu. Linapendeza, na roho inaniuma.

Ndugu zangu, kabla hujatafuta msaliti, kagua simu yako. Na mtu akianza kusema "nilienda ku...", mwache amalize.